Mlango wa kikao uko wazi: sheria ambazo ndugu zetu walioko Marekani wanahitaji kuzijua



Kati ya maswali ambayo ndugu zetu walioko Marekani hutuletea, kuna moja linalorudi mara nyingi, na si juu ya viza wala juu ya kazi. Ni juu ya namna maamuzi yanavyofanyika katika miji wanamoishi. Mama mmoja, ambaye familia yake ilitoka Uvira na kukaa kambini miaka mingi kabla ya kufika katika jimbo la Kentucky, alitueleza kwamba basi la watoto wake liliacha kupita mtaani kwao. Alikwenda mara mbili kwenye biro ya shule. Alipewa namba ya simu, akapiga, hakuna aliyejibu. Akanyamaza. Alituambia, "Niliona ni kama kwetu tu. Mkubwa anaamua, mdogo anaambiwa."

Hakujua kwamba jambo lile lilikuwa limezungumzwa na bodi ya shule katika kikao ambacho mlango wake ulikuwa wazi, na kwamba angeweza kuingia, kukaa na kusikiliza bila mtu yeyote kumuuliza jina. Sheria ya Kentucky inasema hivyo wazi: hakuna anayelazimishwa kujitambulisha ili ahudhurie. Hakujua pia kwamba angeweza kuomba karatasi ambazo bodi ilizisoma kabla ya kuamua, na kwamba biro ilikuwa na siku za kazi 5 tu za kumjibu.

Tumeona vema kueleza sheria hizi kwa urefu kidogo. Watu wengi wa makanisa yetu sasa wanaishi Kentucky, Iowa, Texas, Maine na kwingineko, na watoto wao wanakulia huko. Na sisi tuliobaki hapa tuna maandishi ya namna hiyo katika Katiba yetu, ambayo hatuyatumii. Hayo tutayafikia.

Sheria ni ya jimbo, si ya Washington

Kosa la kwanza ambalo wageni wengi hufanya ni kufikiri kwamba kuna sheria moja ya nchi nzima. Kweli, kuna sheria ya taifa juu ya uhuru wa kupata habari za serikali, ambayo Rais Lyndon Johnson alitia sahihi tarehe 4 Julai 1966. Lakini hiyo inazifunga ofisi za serikali kuu peke yake: wizara, idara ya uhamiaji, na nyingine kama hizo. Bodi ya shule, polisi wa mji, idara ya maji, ofisi ya ardhi, halmashauri ya mji, hao wote wako chini ya sheria ya jimbo lao. Majimbo yako 50, na kila moja lina maandishi yake. Siku za kujibu si zilezile na adhabu si zilezile. Anayehamia kutoka Texas kwenda Iowa lazima ajifunze upya.

Hata hivyo, zote zinashika mambo mawili. La kwanza ni vikao: watu waliopewa mamlaka na umma wanapaswa kuzungumza na kuamua mbele ya umma. La pili ni hati: karatasi zinazoandikwa na kutunzwa kwa kodi za watu ni za watu, na anayezishika ni mtunzaji tu. Wamarekani huziita sheria za mwanga wa jua, na sheria ya vikao ya Florida ya mwaka 1967 inajulikana kwa jina hilo.

Mchungaji aliyetangulia

Kabla ya kuingia ndani ya sheria hizo, tunataka kumtaja mtu mmoja, kwa sababu wasomaji wetu wengi hawatategemea kumkuta hapa. Nchi ya kwanza duniani kuandika katika sheria kwamba raia ana haki ya kusoma hati za serikali ilikuwa Uswidi, mwaka 1766, miaka 200 kamili kabla ya ile sahihi ya Johnson. Na mmoja wa wale walioipigania zaidi katika bunge la wakati ule alikuwa mchungaji wa Kilutheri, Anders Chydenius, kutoka pwani ya Finland, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya ufalme wa Uswidi.

Chydenius hakuwa mtu wa mji mkuu. Alihudumu katika kanisa dogo la mashambani. Watu wa pwani yake walikuwa wakitengeneza lami ya miti, iliyotakiwa sana na wenye meli wa Ulaya, lakini walikatazwa kuiuza moja kwa moja ng'ambo. Ilibidi ipitie kwa wafanyabiashara wa Stockholm, na faida ikabaki huko. Msomaji wa Kivu au wa Katanga hahitaji kuelezewa zaidi. Mchungaji huyu aliingia bungeni katika kundi la wachungaji, akaanza kuuliza nani anafaidika na nani aliamua, na akaona kwamba maswali ya namna hiyo hayana majibu iwapo karatasi zimefungwa ndani ya sanduku. Sheria ilipitishwa mwaka ule. Yeye mwenyewe alifukuzwa bungeni mwaka huohuo, kwa sababu alikuwa amechapisha maandishi ya kuikosoa siasa ya fedha ambayo bunge liliitengeneza.

Kwa hiyo mtu akituambia kwamba mambo ya hati za Leta hayawahusu watumishi wa Mungu, tuna mtu wa kumtaja.

Kikao ni nini?

Swali hili linaonekana rahisi mpaka uanze kulijibu. Jimbo la California lilipata sheria yake ya vikao mwaka 1953, inayojulikana kwa jina la mbunge Ralph M. Brown. Mwaka uliotangulia, gazeti la San Francisco Chronicle lilikuwa limetoa mfululizo wa makala 10 yakionyesha jinsi halmashauri za miji na bodi nyingi zilivyokutana kwanza kwa siri, wakapatana, kisha wakaja mbele ya watu kuinua mikono tu. Watu waliona kikao, lakini uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika kwingine.

Kwa hiyo sheria ile haikuridhika kusema mlango ufunguliwe. Inasema ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe saa 72 kabla, mahali ambapo watu wanaweza kuisoma, na kikao cha pekee kitangazwe angalau saa 24 kabla. Jambo ambalo halimo katika ajenda halipaswi kuamuliwa siku hiyo, isipokuwa kwa sababu chache za dharura. Watu wapewe nafasi ya kusema juu ya jambo kabla halijaamuliwa. Na inakataza ule mchezo wa mjumbe mmoja kumpigia simu mwenzake, huyo akampigia wa tatu, mpaka wengi wao wamekubaliana bila kukaa pamoja hata mara moja.

Florida ilikaza zaidi. Huko wajumbe wawili tu wa bodi moja wakizungumza juu ya jambo ambalo linaweza kuja mbele ya bodi yao, hicho tayari ni kikao, na kinahitaji kutangazwa, kuwa wazi na kuandikiwa kumbukumbu, ile sisi tunaita PV. Hebu fikiria wajumbe wawili wamekutana kwenye matanga. Wanaweza kusalimiana, kulia pamoja, kula pamoja. Lakini mmoja akinong'ona, "Ule mkataba wa barabara, wewe unaonaje?", wamevunja sheria. Mjumbe anayevunja kwa kujua anaweza kufungwa mpaka siku 60 na kutozwa mpaka dola 500. Wengine huko wanalalamika kwamba ni kali kupita kiasi, kwamba wajumbe wanaogopa hata kunywa chai pamoja. Sisi tunaona afadhali hofu hiyo kuliko ile nyingine.

Je, hakuna siri hata kidogo? Ipo. Karibu kila jimbo linaruhusu mlango ufungwe kwa mambo machache: bodi inapozungumza na avoka wake juu ya kesi, inapojadili mwenendo wa mfanyakazi fulani, inapotaka kununua kiwanja na haitaki mwenye kiwanja ajue bei wanayoifikiria, au mambo ya usalama. Lakini kwa kawaida lazima waseme kwanza, mbele ya watu, kwamba wanafunga na ni kwa sababu gani, na wasitoke nje ya sababu hiyo wakiwa ndani. Katika majimbo mengi, uamuzi uliofanyika kinyume cha sheria unaweza kufutwa na mahakama. Hapo ndipo sheria inapata meno. Faini ya dola 500 mtu anaweza kuivumilia, lakini kuona mkataba mzima unavunjwa kwa sababu hawakubandika karatasi, hilo linawafanya makarani kuwa waangalifu.

Kuomba hati

Upande wa hati ndio unaowashangaza zaidi watu wetu, kwa sababu hakuna anayekuuliza wewe ni nani kwao, au umetumwa na nani. Katika majimbo mengi huhitaji kueleza sababu. Florida huhitaji hata kuandika wala kutoa jina. Unaweza kuomba kwa mdomo, na nakala ya kawaida ya upande mmoja wa karatasi haitazidi senti 15. California ofisi ina siku 10 za kusema kama hati ipo na kama itaitoa, na inaweza kuongeza siku 14 kwa sababu maalum. Maine lazima wakujulishe ndani ya siku 5 za kazi kwamba wamepokea ombi lako. Texas wana njia ambayo tunaipenda: ofisi ikitaka kuficha hati, mara nyingi haiwezi kujiamulia yenyewe. Lazima imwandikie mwanasheria mkuu wa jimbo ndani ya siku za kazi 10, na yeye ndiye anayesema kama siri hiyo inaruhusiwa. Kule Kentucky mwombaji aliyekataliwa anaweza kupeleka malalamiko kwa mwanasheria mkuu bila kulipa avoka, na uamuzi wake, usipopingwa mahakamani ndani ya siku 30, una nguvu ya sheria.

Na hati si karatasi tu. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya California iliamua, katika kesi iliyohusu mji wa San Jose, kwamba ujumbe ambao kiongozi ameuandika juu ya kazi ya umma ni hati ya umma hata kama aliuandika kwa simu yake mwenyewe au kwa barua pepe ya nyumbani. Tulipolisoma hilo tuliwafikiria viongozi wetu wote, wa Leta na wa kanisa, ambao siku hizi mambo yao makubwa yanaamuliwa ndani ya kundi la WhatsApp.

Ndugu wengi wanauliza, "Sisi ambao si raia, tunaruhusiwa?" Jibu linategemea jimbo. California na Maine sheria inazungumza juu ya mtu yeyote. Kentucky tangu mwaka 2021 imesema mwombaji awe mkazi wa jimbo, na mtu anayeishi humo ni mkazi. Hakuna neno juu ya uraia wa Marekani. Lakini Virginia sheria inawapa haki hiyo wananchi wa jimbo hilo, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa sauti moja kwamba jimbo linaruhusiwa kuwanyima watu wa majimbo mengine. Kwa hiyo soma sheria ya mahali ulipo, au mwombe kijana wako akusomee.

Mji wa Bell

Haya yote yanaweza kubaki maneno ya vitabuni. Basi tueleze yaliyotokea katika mji mdogo wa Bell, karibu na Los Angeles. Wakaaji wake hawafiki 40,000. Wengi ni wahamiaji wanaozungumza Kihispania, watu wa viwandani, wa kusafisha majumba, wa kuuza sokoni. Ni watu wanaorudi nyumbani wamechoka, ambao hawana muda wa vikao. Kwa wengi wa wasomaji wetu walioko huko, hao ni majirani wa kila siku.

Mwaka 2005 mji ulifanya uchaguzi wa pekee wa kubadili hadhi yake ya kisheria. Waliopiga kura hawakufika 400. Watu hawakuelewa kwamba mabadiliko yale yaliwaondolea madiwani kipimo cha mshahara kilichowekwa na jimbo. Mishahara ikaanza kupanda. Madiwani, ambao kazi yao ni ya muda, walifika karibu dola 100,000 kwa mwaka, na njia yao ilikuwa kujiweka katika tume na bodi ndogondogo ambazo baadhi yake zilikutana kwa dakika chache tu, au hazikukutana kabisa. Meneja wa mji, Robert Rizzo, alifika karibu dola 800,000. Rais wa Marekani wakati ule alikuwa akilipwa 400,000.

Uvumi ulikuwepo. Mwaka 2008 mkaaji mmoja wa Bell alifanya kile ambacho sheria inamruhusu: alikwenda kwenye ofisi ya mji, akaomba kuonyeshwa mishahara. Akapewa karatasi. Karatasi ilikuwa ya uongo, yenye kiasi kidogo mara nyingi kuliko kile cha kweli. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Sheria ilikuwa nzuri, mtu alikuwa na ujasiri, na bado alidanganywa, kwa sababu yule aliyeshika kabati ndiye aliyekuwa akila. Ile karatasi ya uongo baadaye ikawa sehemu ya kesi.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 2010 waandishi wawili wa Los Angeles Times, Jeff Gottlieb na Ruben Vives, walikuwa wakifuata habari ya mji jirani wa Maywood, wakasikia neno juu ya Bell. Wakaomba mikataba ya wakubwa wa mji kwa kutumia sheria ya hati. Mwishowe walikutana na meneja katika chumba cha mikutano kwenye bustani ya watu, wakapewa mikataba yenyewe. Habari ilitoka Julai 2010. Wakaaji wale waliosemekana hawana muda walijaza ukumbi wa mji, wakabaki nje mlangoni, wakapiga kelele kwa Kihispania na Kiingereza. Machi 2011 wapiga kura waliwaondoa madiwani waliokuwa wamebaki. Mwaka 2013 madiwani watano wa zamani walipatikana na hatia, na mwaka 2014 Rizzo alihukumiwa miaka 12 gerezani na kuamriwa kurudisha mamilioni ya dola. Gazeti lilipewa tuzo ya Pulitzer.

Tunaona jambo moja hapa ambalo wanasheria hawalisisitizi. Vikao vya Bell vilikuwa wazi. Ajenda zilibandikwa. Mtu angeweza kuingia jioni yoyote. Viti vilikuwa vitupu, na sehemu ya wizi ilipita kwa kuinua mikono, ikaandikwa katika PV. Sheria ya mlango wazi inawasaidia wanaoingia.

Mahali sheria zinapochoka

Tusiwapake rangi Wamarekani. Ofisi nyingi huko hujivuta, hudai ada kubwa za kutafuta hati, au hutoa kurasa zilizopakwa wino mweusi mpaka hakuna kilichobaki cha kusoma. Watunga sheria wenyewe hupenda kujitoa. Februari 2018 bunge la jimbo la Washington, lile la magharibi, lilipitisha kwa siku mbili tu, bila mjadala, sheria ya kujiondoa chini ya sheria ya hati ambayo wengine wote wanaifuata. Magazeti ya jimbo yaliandika kulipinga katika kurasa zao za kwanza, maelfu ya watu wakapiga simu na kuandika kwa gavana Jay Inslee, naye akaikataa kwa veto.

Sisi wa kanisa tusicheke haraka. Ni mara ngapi hesabu ya mradi imesomwa kwa sauti ya chini mwisho wa ibada, wakati watu wameshasimama? Paulo alipokusanya sadaka za makanisa kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakuzibeba peke yake. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa na makanisa yenyewe, ili asiwepo wa kumlaumu. Soma 2 Wakorintho 8. Yeye alikuwa mtume, na hata hivyo alitaka mashahidi.

Na hapa kwetu?

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Kifungu cha 118 kinasema vikao vya Bunge la Taifa na vya Seneti ni vya wazi, isipokuwa mlango ufungwe kwa namna ya pekee. Kifungu cha 20 kinasema hivyo juu ya mahakama. Maneno haya si dhaifu kuliko yale ya Florida. Na kwa bahati, kifungu cha katiba ya Florida kinachotoa haki hiyo nacho ni namba 24.

Tofauti iko katika yale yanayofuata kifungu: mtu gani katika ofisi apokee ombi, ajibu kwa siku ngapi, akikataa uende kwa nani, na adhabu yake nini. Majirani wetu wameandika hayo. Uganda ilipata sheria yake mwaka 2005, Rwanda mwaka 2013, Kenya na Tanzania mwaka 2016. Kule Kenya ofisi ina siku 21 za kuamua juu ya ombi, na saa 48 iwapo maisha au uhuru wa mtu uko hatarini. Mtu wa Bukavu anayevuka Ruzizi kwenda Rwanda anaingia katika nchi ambako kuna sheria ya kumwelekeza ofisa namna ya kumjibu mwombaji.

Lakini hata Kongo hatuko mikono mitupu, hasa katika madini. Dekreti ya tarehe 20 Mei 2011 inaamuru kila mkataba juu ya mali za asili utangazwe ndani ya siku 60. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kampuni iwe na cahier des charges, yaani maandishi ya ahadi zake kwa watu wa mahali, na itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Hizo ni karatasi zenye jina na tarehe. Jumuiya ya kanisa iliyo karibu na mgodi inaweza kuandika barua, kuitia mihuri, kuipeleka kwa ofisi inayohusika na kuomba nakala, ikishika nakala yenye sahihi ya aliyeipokea. Ombi lisiwe la jumla. "Tunataka kujua mambo ya kampuni" hujibiwa kwa kunyamaza. "Tunaomba nakala ya cahier des charges iliyotiwa sahihi kati ya kampuni na jamii ya hapa, pamoja na orodha ya miradi iliyolipwa mwaka jana" ni vigumu zaidi kuizungusha.

Ndivyo tulivyomshauri pia yule mama wa Kentucky. Tulimwambia asiandike juu ya uchungu wake wote, ingawa ni wa haki, bali aandike mistari mitatu: kwamba yeye ni mkazi wa Kentucky, kwamba kwa sheria ya hati za umma ya jimbo hilo anaomba nakala ya PV za vikao vya bodi ambamo njia za mabasi zilijadiliwa, na nakala ya ripoti ambayo bodi ilipewa kabla ya kupiga kura. Tarehe, jina, anwani. Binti yake wa sekondari aliiandika kwa Kiingereza, wakaituma kwa barua pepe siku ya Jumatatu.

Siku ya Ijumaa alipata jibu na kurasa kadhaa. Ndani yake ilionekana kwamba mtaa wao ulihesabiwa kuwa na watoto wachache waliopanda basi, kwa hesabu iliyofanyika wiki moja ya likizo ya baadhi ya shule. Basi bado halijarudi. Kikao kijacho cha bodi ni jioni, baada ya saa zake za kazi, na amesema atakwenda na wazazi wengine wanne wa kanisa, ile karatasi ya hesabu mkononi, na binti yake akae karibu amfasirie.